Je, Mlima Uliolala Hukoroma?

Mabibi na mabwana, wazee wetu, nanyi wanafunzi mliokaa sakafuni kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja.

Nilikuwa nimepanga kuanza na tarakimu. Lakini pale mlangoni mtoto mmoja aliyeshikwa mkono na babu yake ameniuliza swali lililonivurugia mpango wote: "Mwalimu, huo mlima uliolala, unakoroma?" Babu yake akataka kumkanya. Nikasema, mzee wangu, mwache, swali lake ni zuri kuliko hotuba yangu. Nitalijibu, ila tutazunguka kidogo kabla ya kulifikia.

Darasani tulifundishwa kwamba volkano ni za aina tatu: hai, iliyolala na mfu. Hai ni ile inayolipuka sasa au iliyolipuka karibuni. Iliyolala imenyamaza, lakini huenda ikaamka. Mfu imezimika moja kwa moja. Andika hivyo kwenye mtihani na utapata alama zako. Mimi mwenyewe nimezigawa alama hizo kwa miaka mingi. Tatizo linaanza ukiuliza swali moja zaidi: inyamaze kwa muda gani ndipo tuseme imelala? Hapo hata wenye fani yao huanza kukohoa.

Kipimo kinachotumika sana ni miaka 11,700 hivi, yaani tangu zama za mwisho za barafu kwisha. Volkano iliyolipuka ndani ya muda huo wengi huihesabu kuwa hai, hata kama hapakuwa na binadamu wa kuandika habari zake. Ukiacha safu ndefu za volkano zilizo chini ya bahari, dunia ina volkano zipatazo 1,350 zinazoweza kulipuka, na katika hizo ni kama 500 tu zilizolipuka mbele ya watu waliokuwa wakiandika historia. Zilizobaki, zaidi ya 800, wewe na mimi tungesema zimelala. Mtaalamu anazitia kapu moja na zile zinazotema moto leo asubuhi. Kwani anayelala si mzima?

Wajapani walifika mahali wakalitupa neno lenyewe. Wana mlima uitwao Ontake, mita 3,067 kwenda juu, ambao katika kumbukumbu zao zote zilizoandikwa haukuwahi kulipuka. Ukawekwa pamoja na waliolala, na wapo waliodhani ulishakufa zamani. Mwaka 1979 ukalipuka. Aibu ile iliwafanya wataalamu wao waache kuzungumza habari za volkano "iliyolala" na "mfu", na leo idara yao ya hali ya hewa ina orodha moja tu ya volkano hai 111. Fuji imo, ingawa mara ya mwisho kulipuka ilikuwa 1707.

Mimi naipenda hatua hiyo, lakini tusiipambe kupita kiasi. Tarehe 27 Septemba 2014, Jumamosi, dakika chache kabla ya saa sita mchana, Ontake ulilipuka tena. Ni msimu wa majani kugeuka rangi, hali ya hewa nzuri, kilele kimejaa wapanda milima waliokuwa wakipumzika. Mvuke uliobanwa chini ya kasoko ulipasuka na kurusha mawe. Watu 63 walikufa au hawakuonekana tena. Siku ile mlima ulikuwa kwenye orodha ya volkano hai, sawasawa kabisa, na kiwango cha tahadhari kilikuwa cha chini kuliko vyote. Jina sahihi halikumfaa mtu.

Kwa hiyo tuache majina, tushuke chini.

Wengi wetu tukisikia volkano tunawaza ziwa la moto linalochemka chini ya mlima mchana na usiku. Picha hiyo si sahihi, na ndiyo inayotufanya tusielewe usingizi wa mlima. Mara nyingi kilichoko kule chini, kilomita kadhaa ndani ya ganda la dunia, kinafanana zaidi na mchanga uliolowa. Punje za fuwele zimebanana, na katikati ya punje mna umajimaji wa mwamba ulioyeyuka. Ni joto la mamia ya nyuzi, lakini ni gumu mno kutiririka. Hauwezi kulipuka hata ukitaka. Ukaaji wa namna hiyo, ambao huenda ukachukua karne nyingi au maelfu ya miaka, ndio usingizi tunaouzungumzia.

Kinachouamsha mara nyingi ni mgeni kutoka chini zaidi: magma mpya, yaani mwamba ulioyeyuka, ya moto zaidi, inayopanda na kujipenyeza ndani ya ule mchanganyiko mzito. Inaupasha, fuwele zinaanza kuyeyuka, gesi inaongezeka, shinikizo linapanda. Hata hapo si lazima ulipuke. Kuna wageni wengi wanaopanda, wakapoa hukohuko njiani, na juu hakuna aliyejua.

Mlima unakufa pale wageni hao wanapokoma kuja. Kisiwa cha Hawaii kinaonyesha jambo hili kuliko mahali pengine ninapopajua, kwa sababu bamba la bahari ya Pasifiki linateleza taratibu juu ya chemchemi ya joto iliyo chini yake, likizibeba volkano moja baada ya nyingine na kuziondoa kwenye jiko. Kohala, iliyoko kaskazini ya kisiwa, ililipuka mara ya mwisho yapata miaka 120,000 iliyopita. Hiyo tunaihesabu imekufa. Mauna Kea, jirani yake, imenyamaza kwa miaka kama 4,500, na wanajimu wamejenga darubini zao kileleni. Imelala. Kilauea, kusini, iko macho na haioni haya. Kisiwa kimoja, hali zote tatu. Kilimanjaro nao una vilele vitatu, ila wenyewe hali ni mbili: Shira na Mawenzi wamekufa, Kibo bado anatoa mvuke wenye harufu ya salfa ndani ya kasoko yake.

Kufa kwa volkano, basi, ni kukatika kwa mrija wa kuilisha, na mrija hatuuoni. Tunakisia. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, aliutazama mlima Vesuvius wa Italia akaona mawe yaliyokaa kama yaliyounguzwa, akaandika kwamba zamani mlima huo uliwaka, kisha ukazimika kwa kuishiwa na cha kuunguza. Nusu ya kwanza ya maneno yake inastahili heshima, maana hakuna aliyemwambia, aliyasoma mawe. Nusu ya pili ilikanushwa mwaka 79 baada ya Kristo, Vesuvius ulipolipuka na kuufukia mji wa Pompeii.

Sasa tofauti ya kulala na kuwa macho. Hii nataka tukae nayo, kwa kuwa inakwenda kinyume na tunavyodhani.

Tazameni Stromboli, kisiwani Italia. Huu unapasuka-pasuka mara kadhaa kwa saa, na umekuwa hivyo kwa miaka kama 2,000. Mabaharia waliuita taa ya Mediterania. Njia yake ya kutokea iko wazi. Gesi haipati nafasi ya kujikusanya, kila inapofika inatoka. Kwa hiyo vishindo vyake vingi ni vidogo, na watalii hupanda kuvitazama. Ule uliolala umejiziba. Mwamba umeganda kooni, gesi inabaki ndani, na magma iliyokaa muda mrefu huwa na silika nyingi, yaani madini yaliyomo mchangani, nzito na yenye kunata, isiyoiachia gesi kwa urahisi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na katika fani hii msemo huo unakaribia kuwa kanuni. Mlima wa namna hii ni moto wa makumbi: juu majivu baridi, ndani unajua wenyewe.

Lakini kujiziba huko kuna upande mwingine. Mlima uliolala ukitaka kutoka ni lazima uvunje mlango, na kuvunja mlango ni kelele. Ulio macho hauna mlango. Nyiragongo, nchini Kongo, tarehe 22 Mei 2021, ulikuwa na ziwa la lava kileleni na magma iko karibu kabisa na uso wa nchi. Ubavu ukapasuka na lava ikashuka kuelekea Goma, na dalili ambazo vyombo vilinasa kabla ya hapo hazikufika hata saa moja. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. Kwa hiyo mtu akiniuliza yupi hatari zaidi, mimi humuuliza: hatari ya kushtukiza, au hatari ya ukubwa?

Kelele ya kuvunja mlango ndiyo iliyowaokoa watu wa Pinatubo, na hapa mniruhusu nisimulie.

Pinatubo uko kisiwa cha Luzon, Ufilipino. Kabla ya 1991 ulikuwa umelala kama miaka 500. Umefunikwa msitu, haukuwa na ile sura ya volkano tunayoichora ubaoni, na maelfu ya Waaeta waliishi kwenye miteremko yake. Tarehe 16 Julai 1990 tetemeko kubwa lilikitikisa kisiwa, kitovu chake kama kilomita 100 kutoka mlimani. Kama ndilo lililouamsha, wataalamu bado wanabishana. Tarehe 2 Aprili 1991 mvuke ukapasua ardhi upande mmoja wa mlima. Wataalamu wa Ufilipino wakaleta vyombo vya kupimia mitetemo, wenzao wa Marekani wakajiunga nao, wakaanza kusikiliza.

Walipima pia gesi ya salfa. Katikati ya Mei ilikuwa tani 500 kwa siku. Mwishoni mwa mwezi zilikuwa zimeruka zaidi ya 5,000. Kisha, ghafla, zikaporomoka.

Ninyi mngefanya nini mkiona gesi imepungua? Mtu wa kawaida angeshusha pumzi. Wao roho ziliwaruka. Magma haikuwa imerudi ilikotoka, mitetemo ilikuwa palepale. Maana yake koo limezibika na gesi inajikusanya. Mwanzoni mwa Juni tuta la lava likajitokeza juu. Wakawaambia watu waondoke, wakapanua eneo la hatari mara baada ya mara, na kambi ya jeshi la anga ya Marekani iliyokuwa jirani, Clark, ikahamishwa. Fikirieni uzito wa kuwaambia makumi ya maelfu ya watu waache nyumba kwa sababu ya mlima ambao hata babu wa babu zao hakuwahi kuuona ukitoa moshi.

Tarehe 15 Juni ukafunguka. Wingu la majivu lilipanda kilomita 35 au zaidi, na siku hiyohiyo kimbunga Yunya kilikuwa kinapita, mvua ikayalowesha majivu yaliyotua juu ya mapaa. Majivu ya volkano si kama ya jikoni. Ni mawe yaliyosagwa, na yakilowa yanakuwa mazito kama saruji. Waliokufa walipita 800, na mamia kati yao mapaa yaliwaangukia. Wanaokadiriwa kunusurika kwa sababu walihamishwa ni 5,000 kwa uchache. Kilele cha mlima kilipungua kutoka mita 1,745 hadi 1,486. Tani kama milioni 20 za dioksidi ya salfa zilipanda angani zikageuka utando wa matone ya asidi, nao ukapunguza joto la dunia kwa kama nusu nyuzi mwaka uliofuata. Mafuriko ya tope la majivu yaliendelea kuzika vijiji kila msimu wa mvua kwa miaka kadhaa.

Mwingine hakubahatika kupata wasikilizaji. Mlima Lamington, huko Papua New Guinea, wakazi hawakujua hata kwamba ni volkano. Tarehe 21 Januari 1951 wingu la gesi na majivu ya moto liliporomoka kutoka juu na kuua watu wapatao 3,000. Siku chache kabla yake ardhi ilikuwa imetetemeka na moshi ulikuwa umeonekana. Dalili zilikuwapo, mtu wa kuzisoma hakuwapo.

Na msije mkafikiri kila aliyelala hutoa miezi miwili ya kuaga kama Pinatubo. Chaitén, nchini Chile, ulidhaniwa umetulia kwa maelfu ya miaka. Mwaka 2008 wakazi wa mji ulio chini yake walianza kuhisi mitetemo, na baada ya siku moja hivi mlima ulikuwa unalipuka. Uchunguzi wa mawe yake ulionyesha kuwa magma ilipanda kilomita kadhaa kwa muda wa saa chache tu. Watu walihamishwa kwa mashua, na tope lililofuata likapita katikati ya mji.

Mwanangu wa mlangoni, uko wapi? Simama nikuone. Swali lako sasa.

Ndiyo, unakoroma. Vyombo vya kupimia mitetemo vinasikia sauti za aina mbili hasa. Ya kwanza ni mpasuko: mkali, mfupi, ni mwamba unaovunjika. Ya pili ni nzito na ya kuvuta, masafa ya chini ambayo sikio lako haliwezi kuyapata. Hiyo hutokea maji, gesi au magma inapopita kwenye nyufa na kuzitikisa, kama pumzi inavyoitikisa filimbi, au kama koo la babu yako saa nane za usiku. Tofauti na babu ni kwamba huyu akikoroma zaidi, tunaanza kuuliza kama bado amelala.

Mnacheka, lakini kazi ngumu ya wataalamu wa volkano iko hapo hasa, maana mlima unaweza kukoroma, kujigeuza, hata kuketi kitandani, kisha ukarudi kulala. Pozzuoli, Italia, umejengwa ndani ya kasoko kubwa ya Campi Flegrei iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1538. Kati ya 1982 na 1984 ardhi ya mji ilinyanyuka mita 1.8 hivi. Bandari ikawa haina maji ya kutosha, watu wapatao 40,000 wakahamishwa. Hakuna kilicholipuka. Ardhi ikashuka, na kuanzia 2005 imeanza tena kupanda. Guadeloupe, kisiwa cha Karibiani, mwaka 1976 ilikuwa vilevile: watu kama 70,000 walitolewa majumbani kwa miezi, mlima La Soufrière ukatoa mvuke na majivu kisha ukanyamaza, na wanasayansi wakatukanana hadharani kuhusu nani alikosea.

Mimi nasimama upande wa walioamuru watu waondoke. Najua gharama yake, najua kwamba aliyehamishwa bure mara moja huwa mgumu kuondoka mara ya pili. Lakini mtaalamu anayengoja uhakika atauona ukiwa umeshapaa kilomita 35.

Uturuncu, Bolivia, ni kisa cha kinyume. Haujalipuka kwa miaka kama 250,000; kwa kipimo chochote ungesema hayati. Satelaiti zikagundua kwamba ardhi inayouzunguka inanyanyuka, sentimita moja hivi kwa mwaka. Kwa miaka mingi wapimaji wakajiuliza kama maiti anaamka. Utafiti uliotolewa 2025 umeonyesha kuwa kinachotembea karibu na uso ni maji ya moto na gesi, wala si magma inayopanda kutafuta njia. Anapumua tu.

Namalizia na ziwa, kwa kuwa kuna mtu ataondoka hapa akidhani volkano iliyolala haiui mpaka ilipuke. Ziwa Nyos, Kameruni, limekaa ndani ya kasoko. Chini yake magma inatoa hewa ya ukaa kidogo kidogo, hewa hiyo inayeyuka ndani ya maji ya chini kabisa na kukaa hapo, imekandamizwa na uzito wa maji yaliyo juu. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 maji ya chini yalivurugika, na gesi ikafoka yote kwa pamoja. Hapakuwa na lava wala moto. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa tunayoivuta, kwa hiyo ilitiririka mabondeni kama maji, ikawafikia watu hadi kilomita 25 kutoka ziwani. Watu wapatao 1,700 hawakuamka, pamoja na maelfu ya mifugo.

Mwaka 2001 wahandisi walisimamisha bomba refu kutoka juu ya ziwa hadi karibu na sakafu yake, kama mita 200. Walitumia pampu mwanzoni tu, kuyavuta maji ya chini. Yalipoanza kupanda, gesi iliyomo ikatanuka na kuyasukuma yenyewe, pampu ikazimwa, na maji yakaruka juu ya ziwa kama chemchemi yenye urefu wa mita 50 hivi, bila injini, kwa nguvu ileile iliyoua watu.

Naona mikono imeshaanza kunyanyuka. Mama wa pale nyuma, karibu, halafu nitakuja kwa babu yake yule mtoto, maana naona ana la kujitetea.